Ukaazi wa Macho Moshi: Nani Anaweza Kuusoma, na Wengine Waanzie Wapi

Swali moja limekuwa likirudiwa na wahitimu wa optometria, pamoja na madaktari vijana walioko katika hospitali za wilaya, kiasi kwamba linastahili kujibiwa kwa urefu: je, mtu anayetaka kubobea katika magonjwa ya macho anaweza kusoma ukaazi Moshi, na kama anaweza, aanzie wapi? Jibu linategemea kwanza cheti alichonacho muulizaji. Kwa daktari aliyesajiliwa, njia ipo na inajulikana, nayo inapitia Hospitali ya Rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Shirika la Msamaria Mwema na ambayo ndiyo hospitali ya rufaa ya Kanda ya Kaskazini. Kwa mtaalamu wa optometria, ukaazi rasmi unaofanana na ule wa Marekani haupo Tanzania, lakini yapo mambo mengi anayoweza kuyafanya bila kuusubiri, na sehemu kubwa ya makala haya imeandikwa kwa ajili yake, kwa kuwa ndiye anayepewa majibu ya juujuu mara nyingi zaidi.

Maneno yanayochanganywa

Maombi mengi huharibika kwa sababu mwombaji ametumia neno moja kwa mambo mawili tofauti, na hivyo ni vema maneno yenyewe yawekwe wazi kabla ya hatua yoyote.

- *Ukaazi* ni mafunzo ya uzamili ambayo daktari huyapata akiwa anatibu wagonjwa chini ya uangalizi wa mabingwa, akigawa siku zake kati ya kliniki, wodi, chumba cha upasuaji na zamu za usiku. Wodini mtu huyu huitwa residenti.
- *Daktari bingwa wa macho* ni yule aliyesoma shahada ya udaktari kwa miaka mitano, akafanya utarajali wa mwaka mmoja, kisha akasoma shahada ya uzamili ya tiba, inayofupishwa MMed, kwa miaka mitatu hadi minne kutegemea chuo.
- *Mtaalamu wa optometria* amefundishwa kupima uoni, kurekebisha kwa miwani kasoro za kuona mbali na karibu, na kutambua dalili za ugonjwa ili mgonjwa apewe rufaa mapema. Wananchi humwita daktari wa miwani, jina ambalo kwa bahati mbaya huficha nusu ya kazi yake.

Kuna pia kada ya daktari msaidizi wa macho, ambayo Moshi iliifundisha kwa miaka mingi na ambayo ilibeba sehemu kubwa ya upasuaji wa mtoto wa jicho wilayani, lakini msomaji anayepanga maisha yake leo asiihesabu kuwa mlango ulio wazi.

Kwa nini ukaazi wa Marekani haumfai moja kwa moja mhitimu wa hapa

Anayesoma habari za Marekani hukutana na ukaazi wa optometria wa mwaka mmoja, wenye matawi ya magonjwa ya macho, watoto, uoni hafifu na lenzi za kugusa jicho, na mara moja hufikiri kwamba anaweza kuuomba. Jambo lisiloonekana kwa haraka ni kwamba ukaazi huo hufuata shahada ya udaktari wa optometria ya miaka minne, ambayo nayo kwa kawaida husomwa baada ya shahada ya kwanza, na kwamba nafasi zake hutolewa kwa waliohitimu katika vyuo vilivyoidhinishwa huko. Vyuo vichache, kikiwemo New England College of Optometry cha Boston, vina njia iliyofupishwa kwa wataalamu waliosomea nje ya Marekani, lakini njia hiyo ni ya kupata shahada kwanza, ukaazi ukifuata baadaye, na gharama zake ni kubwa mno kwa mshahara wa mtumishi wa serikali asiye na mfadhili.

Kinachofaa kuazimwa kutoka Marekani ni mpangilio wenyewe, yaani mwaka mzima wa kuona wagonjwa wengi wa aina inayojulikana, chini ya mtu anayesahihisha, huku kila kesi ikiandikwa. Mpangilio huo unaweza kujengwa hata katika hospitali za Kibosho au Huruma, na namna ya kuujenga inaelezwa mbele.

Daktari anayeomba MMed: maandalizi ya kabla ya dirisha kufunguliwa

Daktari anayekusudia kusoma ubingwa wa macho Moshi, au Muhimbili, au Nairobi, ambako Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha ubingwa huu tangu miaka ya 1970, anatakiwa awe na mambo yafuatayo tayari mkononi kabla ya kujaza fomu yoyote.

1. Usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika pamoja na leseni ambayo haijapitwa na wakati. Usajili wa muda wa utarajali hautoshi.
2. Nakala zilizothibitishwa za cheti na za matokeo ya kila mwaka, kwa kuwa vyuo huangalia alama za masomo ya kliniki na si wastani wa jumla peke yake. Aliyesomea nje ya nchi anahitaji pia utambuzi wa cheti chake kutoka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na shughuli hiyo isiachiwe wiki ya mwisho.
3. Barua ya ruhusa ya mwajiri, ambayo katika utumishi wa umma hupitia kwa mganga mkuu wa wilaya na mkurugenzi wa halmashauri, na huchukua muda mrefu kuliko mwombaji anavyotarajia.
4. Barua mbili au tatu za wadhamini wanaomfahamu kikazi, mmoja wao akiwa, ikiwezekana, bingwa wa macho aliyewahi kumwona akifanya kazi.
5. Uzoefu wa kitengo cha macho, hata kama ni wa miezi michache ya kujitolea siku ambazo daktari hana zamu.

Jambo la tano ndilo linalopuuzwa zaidi. Daktari ambaye hajawahi kukaa mbele ya darubini ya mwanga mwembamba, ile inayoitwa kliniki sliti-lampu, anaomba kazi ambayo hajui kama ataipenda, na upasuaji wa macho ni kazi inayohitaji mkono mtulivu, uwezo mzuri wa kuona kwa macho yote mawili kwa pamoja, na subira ya kufanya jambo lile lile mara mia kabla ya kulifanya vizuri. Ni bora agundue mapema, akiwa bado hajaacha mshahara wake, kwamba kazi hiyo haimfai.

Fedha, mwajiri na mkataba

Mwombaji asichanganye kupata nafasi ya chuo na kupata ufadhili, kwa kuwa ni maombi mawili yanayokwenda sambamba na kila moja lina tarehe zake. Wizara ya Afya imekuwa ikitoa ufadhili wa masomo ya ubingwa na ubobezi, ukiwemo mpango unaoitwa kwa jina la Rais Samia, na mashirika ya kuhudumia wasioona yamewahi kufadhili madaktari kwa sharti la kurudi mkoani. Yanayopaswa kuulizwa kwa maandishi kabla ya kutia saini ni haya:

- Je, mshahara unaendelea kulipwa wakati wa masomo?
- Ufadhili unalipa ada peke yake, au pamoja na posho ya kujikimu, vitabu na gharama za utafiti?
- Mkataba unamfunga mhitimu kwa miaka mingapi, na katika kituo gani?
- Kituo hicho kina darubini ya upasuaji, au bingwa atarudi kukaa ofisini akiandika rufaa?

Swali la mwisho lina uzito kuliko yote. Bingwa anayerudi mahali pasipo na vifaa hupoteza ustadi wa mkono ndani ya muda mfupi, na hasara hiyo ni ya mgonjwa wa Same au Rombo kabla ya kuwa ya daktari. Halmashauri inayompeleka daktari masomoni inapaswa ianze kutenga fedha za darubini, vifaa na muuguzi wa macho mwaka ule ule anapoondoka, na mwombaji ana haki ya kulisema hilo kwa adabu katika barua yake.

Ndani ya mafunzo: mkono hufundishwa kabla ya jicho la mgonjwa

Residenti hupimwa kwa mambo matatu yanayokwenda pamoja: kazi ya kila siku, mitihani na tasnifu, ambayo ni utafiti mdogo unaoandikwa kwa kanuni za kitaaluma na kutetewa mbele ya watahini. Wengi huchelewa kuhitimu kwa sababu ya tasnifu, kwani huchagua mada pana isiyowezekana, kisha husubiri kibali cha kamati ya maadili wakati miezi inakwisha. Mada nzuri ni ile ambayo wagonjwa wake wanapita kliniki kila wiki.

Upasuaji wa mtoto wa jicho, yaani lenzi ya jicho iliyopata ukungu, ndio moyo wa mafunzo, na hufanywa mara nyingi kwa chale ndogo isiyohitaji mshono. Zamani mwanafunzi alijifunza moja kwa moja juu ya jicho la mtu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliowahusisha madaktari wanafunzi wapatao 50 kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe waliopelekwa Cape Town kufanya mazoezi ya kina kwa macho ya bandia, ulionyesha kwamba waliopata mazoezi hayo walikuwa na ustadi mkubwa zaidi kuliko wenzao ambao walikuwa bado hawajayapata. Kwa hiyo residenti asione haya kutumia jioni zake akishona nyuzi kwenye jicho la mbuzi lililotoka buchani. Hakuna mgonjwa anayeumia katika mazoezi hayo, na kosa linalofanyika humo halirudiwi kwenye jicho la mgonjwa.

Kando ya MMed kuna Chuo cha Madaktari wa Macho cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kinachojulikana kwa kifupi COECSA, kilichoundwa mwaka 2012 kwa kuunganishwa vyama viwili vilivyotangulia na chenye makao yake Nairobi. Mitihani yake humpa mhitimu cheti cha uanachama wa juu kinachotambulika katika kanda, na inafaa iandaliwe sambamba na masomo ya chuo kikuu, kwa kuwa anayeiahirisha hadi baada ya kuhitimu hukuta majukumu yamemzidi.

Mtaalamu wa optometria: namna ya kujijengea mwaka wa magonjwa ya macho

Hapa ndipo penye kazi. Mtaalamu aliyehitimu, awe na stashahada kutoka shule ya optometria ya KCMC au shahada ya chuo chochote kinachotambuliwa, anaweza kupanga miezi 12 ya mafunzo yanayosimamiwa akiwa bado kazini, ilimradi apate mambo matatu: bingwa au daktari wa macho aliyekubali kwa maandishi kuwa msimamizi wake, siku moja au mbili kwa wiki zilizotengwa rasmi na mwajiri, na daftari.

Daftari hilo ndilo linalotenganisha mafunzo na mazoea. Kila kesi iandikwe tarehe, umri, malalamiko, uoni kabla na baada ya miwani, presha ya jicho, hali ya neva ya jicho ilivyoonekana, ugonjwa uliodhaniwa, mahali pa rufaa na, katika safu ya mwisho, neno la bingwa aliyempokea mgonjwa. Jina la mgonjwa lisiandikwe, namba inatosha. Safu ya mwisho ndiyo mwalimu, kwa maana pale ambapo bingwa ameandika jambo tofauti na alilodhani mtaalamu ndipo pa kusoma usiku huo, na mtu asiyefuatilia rufaa zake anaweza kurudia kosa moja kwa miaka kumi akidhani ni uzoefu.

Mkoa wa Kilimanjaro, uliohesabiwa kuwa na watu 1,861,934 katika sensa ya mwaka 2022, una aina za magonjwa zinazotosha kujaza mwaka wa mafunzo, na ni vema mafunzo yafuate magonjwa yanayopatikana badala ya kufuata sura za kitabu cha nje.

*Glakoma.* Huu ni ugonjwa unaoharibu neva ya jicho taratibu, mara nyingi presha ya ndani ya jicho ikiwa juu, na kinachopotea hakirudi. Utafiti uliofanywa vijijini Kongwa na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta takriban watu 4 katika kila 100 wenye umri wa kuanzia miaka 40 wakiwa nao. Mwanafunzi ajifunze kupima presha ya jicho, lakini ajifunze zaidi kuangalia neva yenyewe, kwa sababu wapo wagonjwa wenye presha ya kawaida na neva iliyokwisha kuliwa. Kuna tatizo la lugha linaloumiza watu: ugonjwa huu huitwa presha ya macho, na wazee wengi hudhani ni presha ya damu, hivyo wakiambiwa na zahanati kwamba presha imeshuka, huacha matone. Bibi au babu aelezwe polepole, kwa heshima, na mbele ya mtu anayeishi naye nyumbani, kwamba matone ni ya maisha yote. Aidha, kabla ya tone lolote la timololi, mojawapo ya dawa za glakoma, kuanzishwa na daktari, mgonjwa lazima awe ameulizwa kama ana pumu au mapigo ya moyo yaliyo chini, kwa kuwa dawa hiyo inaweza kumziba pumzi.

Ugonjwa huu hufuata damu, na ndugu na watoto wa mgonjwa wako hatarini zaidi kuliko watu wengine. Wenyeji wa Moshi wanajua kwamba Desemba watoto walioko Dar es Salaam na kwingineko hurudi kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, kwa ajili ya Krismasi. Mtaalamu anayejua kazi yake humwambia mgonjwa wake mapema, mwezi wa Oktoba, kwamba wanawe watakaporudi waje wapimwe macho kabla ya kuondoka, kisha hupanga kliniki yake wiki hiyo kwa ajili yao.

*Kisukari.* Mgonjwa wa kisukari anaweza kuona vizuri kabisa huku mishipa ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, ikivuja damu. Ratiba ya mafunzo iwe na siku za kukaa katika kliniki ya kisukari ya hospitali iliyo karibu, kupanua mboni kwa matone na kuangalia retina, na kujifunza ni hatua ipi inaweza kusubiri miezi na ipi haiwezi kusubiri wiki.

*Mzio wa macho wa watoto.* Watoto wanaokuja wakifikicha macho yaliyovimba na kuwa mekundu ni wengi, na kinachowapofusha mara nyingine ni tiba. Matone yenye steroidi hununuliwa dukani, mtoto akapata nafuu ndani ya siku mbili, mama akaendelea kuyanunua mwaka mzima, na mwisho wake mtoto anakuja na glakoma au mtoto wa jicho akiwa na miaka kumi. Kila mzazi aombwe kuleta chupa zote alizonazo nyumbani, na jina la dawa lisomwe kwenye chupa yenyewe.

*Dawa za kifua kikuu.* Siha, upande wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro, ipo Hospitali ya Kibong'oto inayotibu kifua kikuu kwa ngazi ya taifa. Ethambutoli, moja ya dawa zinazotumika dhidi ya ugonjwa huo, inaweza kudhuru neva ya jicho, na ishara ya mapema mara nyingi ni kuchanganya rangi, hasa nyekundu na kijani. Mtaalamu wa optometria mwenye kitabu cha kupimia rangi anaweza kuokoa macho ya mtu kwa dakika tano, akimjulisha daktari anayemtibu siku ile ile. Asimwambie mgonjwa aache dawa, kwa maana uamuzi huo si wake.

*Uoni hafifu na ualbino.* Katika viwanja vya KCMC kipo pia Kituo cha Mafunzo ya Ngozi cha Kanda, kilichofunguliwa mwaka 1992, na watu wenye ualbino wanaofika huko kwa ajili ya ngozi karibu wote wana tatizo la kuona. Macho yao huchezacheza, mwanga huwaumiza, na ubao wa darasani hawauoni. Hapa optometria haina mshindani: miwani sahihi, kofia yenye ukingo, lenzi ya kukuzia maandishi, na barua kwa mwalimu mkuu inayosema wazi kwamba mtoto akae mbele na aongezewe muda wa mtihani.

*Vikope.* Ugonjwa huu, unaoitwa pia trakoma, si wa miteremko yenye migomba, bali wa nyanda kavu kama za Longido, Monduli na Ngorongoro. Anayetaka kuuona aombe kuambatana na timu ya huduma za mkoba, yaani timu ya hospitali inayowafuata wagonjwa walipo, na katika safari moja ataona kope zilizogeukia ndani ambazo kliniki ya mjini haimpi kwa miezi.

Hatimaye lipo jambo ambalo halihitaji ratiba. Mtoto mwenye mng'ao mweupe kwenye mboni, unaoonekana hata kwenye picha ya simu, anaweza kuwa na saratani ya retina, na rufaa yake ni ya siku hiyo hiyo, si ya kliniki ya wiki ijayo.

Mpaka wa kisheria

Mtaalamu wa optometria yuko chini ya Baraza la Optometria kwa mujibu wa Sheria ya Optometria ya mwaka 2007, na mafunzo ya ziada, hata yakiwa mazuri kiasi gani, hayampi ruhusa ya kufanya kazi iliyo nje ya usajili wake. Onyo hili linatolewa kwa uzito kwa sababu wapo wanaorudi na cheti cha kozi ya wiki sita na kuanza kupasua au kuandika dawa ambazo hawakuidhinishiwa. Anayetaka kuwa mpasuaji hana njia ya mkato: anahitaji shahada ya udaktari, utarajali na MMed, jumla ya takriban miaka tisa hadi kumi, na kabla ya kuanza asome masharti ya kujiunga yanayotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu ili ajue kama sifa zake za kidato cha sita au stashahada zinakubalika.

Uzamili wa nje unaolingana na optometria

Kwa anayetaka shahada ya juu bila kuacha fani yake, zipo njia ambazo wataalamu wa Afrika wamezipita:

- Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, Durban, kinachotoa uzamili wa optometria na kinachopokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za bara hili.
- London School of Hygiene & Tropical Medicine, yenye uzamili wa mwaka mmoja wa afya ya jamii katika huduma za macho, unaofaa wanaosimamia programu za mkoa.
- Chuo Kikuu cha Cape Town, chenye mafunzo ya afya ya macho ya jamii kwa waliopo kazini.
- India, hasa L V Prasad ya Hyderabad, iliyoanzishwa mwaka 1987, na Aravind ya Madurai, iliyoanzishwa mwaka 1976, ambako mafunzo ya vitendo ya miezi kadhaa humpa mtu idadi ya wagonjwa asiyoweza kuipata kwingine kwa muda huo.

Cheti cha kozi fupi si shahada ya uzamili, na mwombaji aulize mapema kama Baraza na mwajiri watakitambua katika kupandisha daraja.

Makosa yanayojirudia

- Kuomba vyuo kumi kwa barua moja isiyobadilishwa hata jina la mji.
- Kusema katika usaili kwamba macho yamechaguliwa kwa sababu hayana zamu za usiku. Jicho lililotobolewa na kijiti halichagui saa, na watahini wanalijua hilo.
- Kuchukulia miwani kuwa kazi ndogo. Mtaalamu asiyejua kupima miwani kwa usahihi hutafuta ugonjwa pale ambapo pana lenzi mbaya tu, na residenti anayedharau upimaji huo hutoa wagonjwa waliopasuliwa vizuri wasioweza kusoma.
- Kutoa rufaa kwa maneno ya mdomo. Karatasi yenye uoni, presha ya jicho na sababu humwokoa mgonjwa kurudia foleni.
- Kumlaumu mgonjwa aliyetumia dawa za mitishamba jichoni. Akigombezwa, safari ijayo ataficha, na kidonda cha konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, kitafika kikiwa kimeoza.

Shaka zinazosikika mara kwa mara

Baadhi husema kwamba mpango wa miezi 12 usio na cheti cha chuo ni kupoteza muda. Hoja hiyo ina ukweli upande wa daraja la mshahara, kwa kuwa daftari halipandishi daraja, lakini mtaalamu anayekwenda kwenye usaili wa uzamili na kesi 400 zilizosahihishwa na bingwa huwa na cha kuonyesha ambacho mwenye vyeti vya semina hana, na wagonjwa wake wa mwaka huo wamekwisha kufaidika.

Wengine husema mabingwa hawana muda wa kusimamia. Ni kweli wamezidiwa. Ndiyo maana ombi liwe dogo na mahususi: saa moja kila wiki mbili ya kupitia kesi tano zilizoleta shaka, siku inayopangwa na bingwa mwenyewe, na mtaalamu akijitolea kumpunguzia foleni ya upimaji wa miwani siku ya kliniki kubwa. Ombi la namna hiyo ni rahisi kukubaliwa kuliko ombi la kufundishwa kila kitu.

Na wapo wanaouliza kama wasubiri hadi ukaazi rasmi wa optometria uanzishwe nchini. Wasisubiri, ila wauombe. Vyama vya taaluma, Baraza na vyuo vya Moshi vina walimu, vina hospitali ya rufaa na vina wagonjwa, na kinachokosekana ni mtaala ulioandikwa na nafasi zenye bajeti. Mtaalamu anayesoma makala haya na ambaye amekwisha kuhitimu anaombwa afanye jambo moja mwezi huu: aandike barua ya ukurasa mmoja kwa daktari wa macho wa hospitali iliyo karibu naye, iwe Mawenzi, Machame, Kilema au Huruma, akitaja siku anayoweza kufika na magonjwa mawili anayotaka kuanza nayo, aambatishe leseni yake, na aipeleke kwa mkono wake mwenyewe.